Kutunza Mwendelezo wa Ulimwengu Mmoja Unaochezwa na Meza Nyingi

Mwongozo huu unawahusu waendeshaji wa michezo ya kuigiza wahusika kwa kete walioamua kutumia ulimwengu mmoja wa kubuni katika meza mbalimbali, yaani vikundi mbalimbali vya wachezaji, kiasi kwamba lililotendwa na wachezaji wa Tudor Jumamosi huwa limetendeka pia kwa wachezaji wa Likoni wanaokutana Jumapili. Mifano nimeitoa katika ulimwengu tunaouchezea hapa Mombasa, ambao ni pwani ya kubuni yenye miji ya mawe na majahazi, ila taratibu zenyewe zinafaa hata kwa ulimwengu wa vyombo vya angani.

Hatua ya kwanza: kubalianeni ni lipi linalozifunga meza zote. Ushauri wangu ni kwamba jambo liwe kweli pale tu linapotendeka mbele ya wachezaji. Yaliyomo katika daftari la mwendeshaji, hata yakijaza kurasa arubaini za nasaba za masultani, yabaki kuwa mipango. Vilevile tenganisheni lililoshuhudiwa na lililosimuliwa: baharia akisema mkwewe sultani amekufa, kilichothibitika ni kwamba baharia amesema hivyo.

Hatua ya pili: tengenezeni kalenda kabla ya ramani. Mwaka 1979 Gary Gygax, mmoja wa waundaji wa mchezo wa Dungeons & Dragons uliotoka mwaka 1974, aliwasisitizia waendeshaji watunze kumbukumbu za muda kwa ukali, na kwa meza nyingi jambo hilo lina uzito zaidi. Amueni kwanza siku inaanza lini. Kwa hesabu ya pwani siku huanza magharibi, kwa hiyo mauaji ya usiku wa Ijumaa hutangulia sala ya Ijumaa. Mwendeshaji anayehesabu kuanzia saa sita za usiku atayaweka baada yake, na ushahidi wote wa kesi utavurugika.

Kisha tazameni upepo. Majahazi ya Arabuni yalishuka na kaskazi, takriban kuanzia Desemba hadi Machi, yakarudi na kusi. Jahazi la Maskati linalotia nanga Julai, na upepo unavuma kinyume chake, ni kosa ambalo mchezaji mwenye jamaa mvuvi hatalinyamazia. Msizifunge pepo kwenye Rajabu au Shaabani, kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11 na miezi yake huzunguka misimu yote. Sisi tunatumia mwaka wa mabaharia, unaoanzia Nairuzi wenye siku 365, ambao huhesabiwa kwa miongo, yaani siku kumi kumi.

Suala gumu zaidi ni meza moja kuitangulia nyingine. Tuseme meza ya Tudor imefika mwongo wa 16, ikamkuta nahodha fulani yu hai na kufanya naye biashara, ilhali meza ya Likoni ingali katika mwongo wa 14 na inapanga kumuua. Mnapaswa kumfunga nahodha huyo: Likoni wanaweza kumwibia, kumwoza au kumfilisi, lakini hawezi kufa mpaka wafike mwongo wa 16, na wachezaji waambiwe hivyo wazi badala ya kete kuchakachuliwa kwa siri. Fungeni kilichotumika tu. Mwendeshaji anayeufunga mji mzima kwa sababu kikundi chake kililala humo usiku mmoja anawanyima wenzake mchezo.

Hatua ya tatu: andikeni kila tukio kwa mtindo mmoja, katika faili ya pamoja, kabla ya kikao kinachofuata. Ingizo letu moja linasomeka hivi: “Mwongo wa 16, siku ya 4, baada ya isha. Bandarini. Nahodha Faki amepoteza jicho la kushoto. Wameona: Tudor. Amefungwa: ndiyo.” Kalamu apewe mchezaji, kwani mwendeshaji hukumbuka alichokusudia kusema kuliko alichokisema.

Hatua ya nne: rekebisheni migongano kwa utaratibu. Ikiwa Nahodha Faki ametokea Likoni siku ya 6 akiwa na macho yote mawili, ulizeni kwanza nani alimwona. Kama alitajwa tu na mpagazi, mpagazi alikosea na mambo yamekwisha. Kama wachezaji walikaa naye wakanywa kahawa, angalieni tarehe, kwani mara nyingi kikao kiliandikwa siku isiyo yake. Tarehe zikiwa sawa, ingizo lililotangulia kuandikwa ndilo lishike, na meza ya pili iambiwe mwanzoni mwa kikao kwamba sehemu hiyo imebadilishwa. Msimzulie pacha: mtakuwa na watu wawili wa kuwatunza, na wachezaji watamtafuta huyo wa pili mpaka wampate.

Hatua ya tano: mwendeshaji mgeni apewe mji ambao hakuna meza iliyoukanyaga, ulio mbali na bandari kuu kwa mwendo wa angalau siku tatu za jahazi. Huko atabuni apendavyo, na habari zake zitawafikia wengine kama uvumi wa mabaharia, ambao haufungi mtu mpaka meza nyingine iende kujionea.