Somo: Kusafisha mchanga wa tangi la samaki wa Ziwa Tanganyika bila kuwaua samaki

Habari wakuu. Naandika haya kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuua samaki kwa usafi. Nilitoa mchanga wote tangini, nikausuuza kwa maji ya bomba hadi ukang'aa, nikaurudisha. Siku ya tatu nikaokota samaki saba wamekufa, na maji meupe kabisa.

Kilichotokea ni hiki. Ndani ya mchanga wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti, kisha nitreti, ambayo haina ukali sana. Klorini ya bomba huwaua. Na sisi tunaofuga samaki wa ziwa hili tuna mtihani wa ziada, maana maji yake yana pH (kipimo cha uasidi na ualkali wa maji) inayokaribia 9. Maji yakiwa na pH 7 na joto la nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki asilimia 1. Yakifika pH 9 inapita theluthi moja. Uchafu uleule, sumu tofauti kabisa.

Hatua ya 1: Tafuta mpira unaoonyesha ndani, kama ule wa levo wa mafundi ujenzi. Mdomoni funga chupa ya maji ya nusu lita iliyokatwa kitako. Upana wa chupa hupunguza nguvu ya maji, hivyo mchanga unapanda kidogo na kuanguka, uchafu mwepesi unaondoka.

Hatua ya 2: Zima pampu na hita. Jaza mpira maji, ziba ncha isiyo na chupa kwa kidole gumba, shusha ncha hiyo kwenye ndoo iliyo chini ya tangi, achia. Usivute kwa mdomo.

Hatua ya 3: Hapa ndipo wengi mnapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Safisha theluthi moja tu ya mchanga kwa wiki. Leo kushoto, wiki ijayo katikati, inayofuata kulia. Kama mchanga ni laini sana, pitisha chupa sentimita moja au mbili juu yake bila kuugusa. Ukiwa na chenga kubwa, ichomeke taratibu, uinue maji yakichafuka, usogee pembeni. Ukiona mchanga unapanda hadi kwenye mpira, ubane kwa vidole. Usifukue chini ya mawe makubwa, yataporomoka. Penye magamba ya konokono wanamoishi samaki wadogo, zunguka. Mara nyingi ndani kuna mayai au vifaranga.

Hatua ya 4: Ondoa maji yasiyozidi robo ya tangi. Rudisha maji yenye joto lilelile, yaliyotolewa klorini. Sifongo la chujio lisuuze siku nyingine, si siku uliyosafisha mchanga, kwenye maji utakayotoa tangini siku hiyo, si bombani.

Sabuni isikaribie kabisa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mchanga wangu una unene wa sentimita 10 na una mabaka meusi yanayonuka mayai viza. Niukoroge?
Jibu: Usiukoroge, ndugu yangu. Hapo hakuna oksijeni, na gesi hiyo ikitoka kwa wingi inaua. Hamishia samaki kwenye ndoo zenye maji ya tangi na pampu ya hewa, kisha punguza mchanga ubaki sentimita 3 hadi 5. Halafu pima chakula unachotoa. Kisicholiwa kwa dakika mbili kimezidi.

Swali: Niko Tabora, siku hizi tunapata maji ya Ziwa Victoria. Yatawafaa samaki wa Kigoma?
Jibu: Yanafaa ukiyasaidia, dada. Maji ya Victoria ni laini, yaani yana madini machache, kuliko ya Tanganyika. Weka vipande vya mawe ya chokaa ndani ya chujio, upime pH kila wiki, na usiipandishe ghafla.

Swali: Basi si niongeze chumvi ya mezani?
Jibu: Hapana. Ugumu wa maji ya Tanganyika unatokana zaidi na magnesi na bikaboneti. Chumvi ya mezani haileti vitu hivyo.

Swali: Shemeji yangu Dar ana tangi la maji ya bahari, anasema yeye hafyonzi mchanga, anawaachia wanyama. Kweli?
Jibu: Inawezekana. Baharini wapo jongoo bahari na konokono wanaokula uchafu uliomo mchangani, na wengine huweka mchanga mnene makusudi. Lakini jongoo bahari akifa tangini anaweza kutoa sumu ikaua wenzake, kwa hiyo amwangalie kila siku. Na maji yakipungua kwa mvuke aongeze maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke. Wanyama hao usiwalete kwenye tangi lako, watakufa. Huku kwetu kazi hiyo wanaifanya samaki wanaochuja mchanga mdomoni na kuutoa kupitia mashavu. Ukiwa nao watano, ile theluthi ya wiki utaifanya mara moja kwa wiki mbili.