Somo: Kufungua ujumbe wa siri wa Kiswahili kwa kuhesabu herufi

Wanachama wa kundi letu la hesabu hapa Bukavu, chukueni kaye na biki. Katika ujumbe huu kila herufi imebadilishwa na nyingine, ileile tangu mwanzo hadi mwisho:

GTGT TPTDLT VTGHTLT YCT HOF PLDJF YTJFHD PT LFCT

Hatua ya 1. Hesabu. Herufi ni 40: T mara 12, L na F mara 4 kila moja, nyingine chini ya hapo. Al-Kindi, mwanafalsafa Mwarabu, alieleza njia hii kule Baghdad katika karne ya 9.

Hatua ya 2. Wekeni kando majedwali ya wingi wa herufi za Kiingereza mnayopakua. Huko E ndiyo inayoongoza, na Kifaransa vilevile. Kwetu anayeongoza ni A, tena kwa mbali. Basi T ni A.

Hatua ya 3. Hapa msiharakishe, maana kuhesabu peke yake hakufiki mbali. Maneno yetu huishia na irabu, isipokuwa machache ya kukopa. Tazameni miisho: T, F na D tu. Kumbe F na D nazo ni irabu!

Sasa TPTDLT ni A?A, kisha irabu, kisha ?A. Sikio la Mswahili linasikia kitenzi hapo: ANA-. Tukiifanya P kuwa N, PT inakuwa NA. Lakini anafanya nini? ANAONA haiwezekani, N tumeshaitumia kwa P. ANAIBA ingelifanya PLDJF lianze na NBI, na Kiswahili hakina NB, kina MB. ANAUZA inatoa NZU??, na F ni irabu: NZURI.

Hatua ya 4. Yaliyobaki ni mepesi. YCT ni KWA au CHA; kwa CHA, YTJFHD lingeanza na CA, na sisi C haitembei bila H. Ni KWA, kisha KARIBU. VTGHTLT imekuwa ?A?BAZA, kabla ya B weka M, na mtu wa ziwa Kivu, anayejua sambaza, samaki wetu wadogo, hahitaji msaada zaidi:

MAMA ANAUZA SAMBAZA KWA BEI NZURI KARIBU NA ZIWA

MASWALI

Mwanachama wa Goma: Mwalimu, na kama nafasi kati ya maneno zimeondolewa?

Jibu: Utapoteza miisho, ila A bado itaongoza. Halafu angalia majirani: irabu hukaa karibu na herufi za kila aina, konsonanti huchagua. Utahitaji ujumbe mrefu zaidi.

Mwanachama wa Kadutu: Herufi ngapi zinatosha?

Jibu: Kwa hesabu za Claude Shannon, mwanahisabati Mmarekani, za mwaka 1949, Kiingereza kinataka kama 28. Zikipungua sana, majibu mawili tofauti yanaweza kukubali yote, na huna haki ya kuchagua moja kwa sababu umelipenda.

Mwanachama wa Uvira: Mimi nimehesabu, zote zinakaribiana. Hakuna inayoongoza.

Jibu: Basi ndugu, aliyeficha anabadilisha alfabeti njiani. Tafuta vipande vinavyojirudia, upime umbali kati yao. Friedrich Kasiski, afisa wa jeshi la Prussia, alionyesha mwaka 1863 kwamba umbali huo mara nyingi hugawanyika kwa urefu wa ufunguo, yaani neno la siri linaloamua alfabeti ipi itumike kwa kila herufi. Ukipata 12, 18 na 30, jaribu kwanza ufunguo wa herufi 6: andika ujumbe katika safu wima 6, herufi 6 kwa kila mstari, na kila safu uihesabu peke yake kama tulivyofanya hapa. Tuma safu zako tuzitazame.