Jinsi ya kulinganisha visikilizi viwili vya bei kubwa: Sennheiser IE 900 na 64 Audio U12t

Kwa wiki tatu nimekaa mezani na jozi mbili za visikilizi vya ndani ya sikio: IE 900 ambayo ni yangu, na U12t niliyoazimwa na mwanamuziki ninayemchanganyia sauti. IE 900 ilitoka mwaka 2021 kwa takriban dola 1,299 za Marekani, na kila upande una spika moja tu ya milimita 7 ndani ya gamba la alumini. U12t hutengenezwa Vancouver, jimbo la Washington, huuzwa dola 1,999, na kila upande una spika 12 ndogo sana, ambazo ndani yake ulimi wa chuma huchezeshwa na sumaku. Nitaeleza nilivyozilinganisha, kwa mpangilio unaoweza kuufuata hata kama jozi zako ni nyingine.

Hatua ya kwanza: ziba sikio sawasawa.

Mpira usipoziba tundu la sikio, besi huvuja, na utakachokuwa unapima ni uvujaji huo. Cheza mlio wa hezi 40, kisha bonyeza kisikilizi taratibu kwa kidole. Besi ikiongezeka, mpira ni mdogo au umekaa vibaya, hivyo badilisha ukubwa na urudie, sikio moja baada ya jingine, kwa sababu masikio ya mtu mmoja mara nyingi hayalingani. Siku ya kwanza niliandika kwamba U12t ina besi nyembamba, na ilinibidi nifute ukurasa mzima nilipogundua kwamba sikio langu la kushoto lilihitaji mpira mkubwa zaidi. Angalia pia kina: kisikilizi kikiingia ndani zaidi, mwangwi wa tundu la sikio, ambao aghalabu hukaa karibu na hezi 8,000, hupanda juu, na ukali wa herufi “s” hubadilika.

U12t huja na vizibo vidogo vya kupunguza shinikizo la hewa sikioni. Kile kiitwacho m20 huzuia kelele za nje kwa desibeli 20 hivi na besi yake ni nzito zaidi. M15 huzuia desibeli 15. Chagua kimoja kabla hujaanza na usikibadilishe katikati ya kazi. Mimi nilitumia m15.

Hatua ya pili: sawazisha volyumu.

Hapa ndipo ulinganisho mwingi huharibika, nami nakuomba usiiruke hatua hii hata kama itakuchukua jioni nzima. Sikio la binadamu huipenda sauti iliyo kubwa kidogo na kuiona ina besi zaidi na uwazi zaidi, hata pale ambapo tofauti ni desibeli moja tu. Soma takwimu za watengenezaji. IE 900 hutoa desibeli 123 kwa volti 1. U12t imeandikwa desibeli 108 kwa miliwati 1, na kwa kuwa ukinzani wake ni omu 12.6, volti 1 huipa takriban miliwati 79, yaani desibeli 19 zaidi, na jumla ni kama 127. Maana yake ni kwamba ukiichomoa moja na kuichomeka nyingine bila kugusa kitufe cha volyumu, U12t itakuwa juu kwa desibeli 4 hivi, na utaisifu kwa kosa hilo.

Kama huna kipaza sauti cha kupimia, tumia kigawanya sauti. Chomeka jozi zote mbili, vaa upande wa kushoto wa IE 900 na upande wa kulia wa U12t, kisha cheza mvumo wa mono (uleule kwa masikio yote mawili) uliochujwa ubaki kati ya hezi 500 na 2,000. Punguza chaneli moja kwenye programu yako hadi mvumo usikike katikati kabisa ya kichwa, na uandike desibeli ulizopunguza. Badilisha masikio, rudia, kisha chukua wastani wa vipimo viwili, kwa kuwa wastani huo ndio unaoondoa tofauti ya masikio yako mwenyewe. Wastani wangu ulikuwa 3.6.

Kuhusu amplifaya, yenye ukinzani wa kutolea (ukinzani wa tundu lake la kutoa sauti) chini ya omu 1.5 inatosha kwa jozi zote mbili.

Hatua ya tatu: sikiliza vitu unavyovijua.

Nilichagua rekodi tatu. Ya kwanza ni sauti ya mama yangu akisoma barua, niliyoirekodi mwenyewe sebuleni, kwa sababu hakuna sauti ninayoijua vizuri kuliko hiyo. Kwenye U12t alikuwa mbele yangu, na sauti yake ikitoka kifuani. Kwenye IE 900 alirudi nyuma hatua moja, na kila aliposema “nisameheni” ile “s” ilichomoza kuliko anavyosema kweli.

Ya pili ni taarabu yenye kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayodonolewa), fidla na kodiani. Kwenye IE 900 niliusikia ukucha ukiugusa uzi wa kanuni kabla ya nota kufunguka, jambo ambalo U12t hulilainisha. Ya tatu ni singeli ya mapigo zaidi ya 200 kwa dakika: U12t iliyatenganisha mapigo ya besi moja moja, ilhali IE 900 iliyapa uzito unaosikika hadi tumboni, kwa gharama ya kuyaunganisha kidogo.

Hatua ya nne: pima thamani kwa ikwalaiza, yaani kirekebishi cha besi na sauti za juu.

Chukua jozi ya bei ndogo na ujaribu kuisogeza karibu na ile ya bei kubwa. Niliishusha besi ya IE 900 kwa desibeli 2 chini ya hezi 200, nikapandisha kidogo eneo la sauti ya mtu na kupunguza kilele cha juu. Mama alirudi mbele. Naamini sehemu kubwa ya tofauti niliyoisikia ilikuwa ya mizani ya sauti, na mizani hurekebishwa bure. Kilichobaki ni utengano wa vyombo katika muziki uliojaa, na uzibaji wa kelele.

Dola 700 za tofauti ya bei kati ya jozi hizi zinakaribia bei ya IE 600, ndugu yake mdogo, ilipotoka mwaka 2022. Kwa anayechanganya sauti katika chumba kimya, sioni sababu ya kuzilipa. Kwa mpiga ngoma wa jukwaani hesabu ni tofauti: kipimo cha usalama kinachotumiwa sana ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu, hivyo kizibo cha m20 kinachomwezesha kusikiliza kwa volyumu ndogo kina faida anayoweza kuihesabu kila onyesho. Mwenye U12t ni mpiga ngoma. Nilipomrudishia nilimshauri aache m15 nyumbani.