Uzito na kinga kwa bamba la akiki kwenye sahani ya kutetema
Kwenye sahani ya kutetema, mashine inayosugua mawe kwa unga wa punje ngumu, bamba la akiki (jiwe la kito) lenye unene wa milimita 5 ni jepesi mno: hutetema pale pale bila kuzunguka, na unga haulisugui. Ligandishie mgongoni, katikati kabisa, kopo fupi lililojazwa zege. Kopo refu huliinamisha, ukingo mmoja ukaliwa. Zege lipake rangi ya mafuta, maana vitundu vyake huficha unga.

Kwanza punguza makali ya ukingo wa chini wa bamba. Kipande kikimeguka ndani ya sahani, huchora mistari uso mzima. Kisha zungushia ubavuni ukanda wa tyubu ya baiskeli, ukomee milimita 2 kabla ya uso unaosuguliwa, usije ukaburura sahani.

Ukihamia unga laini, badilisha tyubu kabisa. Kuiosha ni kujidanganya: punje moja ya namba 220, yaani unga wa punje kubwa, huharibu mng'aro wote.