Kabla hujafunga kipima volti cha seli kwenye betri ya sola

Tuseme betri ni LiFePO4 (lithiamu chuma fosfeti) ya 100 Ah, seli 4 kwa mfululizo, na bodi ya kupimia volti ya kila seli ni Arduino Nano, kompyuta ndogo ya kupangiwa programu. Tafuta kwanza multimita ya kuaminika. Kila namba itarekebishwa kwa kuifuata, kwa hiyo ikidanganya, kipimo chako nacho kitadanganya.

Nyaya za kupimia ni tano, fyuzi tano za 0.5 A. Fyuzi zikae kwenye nguzo za seli, si upande wa bodi. Seli hii ikipigwa shoti inatoa mamia ya ampea.

Angalia pia bodi itakula umeme wapi. Betri nzuri nyingi huharibikia hapa. VIN ya Nano, yaani pini yake ya kuingizia umeme, inataka volti 7 hadi 12, betri ikijaa ina 14.6. Fundi anaona seli tatu za chini zinatoa 9.9, anaunga hapo, skrini inawaka, mteja analipa. Bodi inakula kama 20 mA, lakini usiku na mchana: 0.48 Ah kwa siku, zaidi ya 14 Ah kwa mwezi, kutoka seli tatu tu. Ya nne haiguswi. Jua likiwaka, seli ya 4 inafika 3.65 kabla ya nyingine, BMS (bodi ya kulinda betri) inakata chaji, zile tatu zinabaki na njaa. Usawazishaji wa BMS ndogo, unaofanya kazi betri ikikaribia kujaa tu, hauwahi kufidia. Baadaye taa zinaanza kuzimika mapema, skrini inaonyesha seli ya 4 iko juu peke yake, inalaumiwa na kubadilishwa, kumbe ndiyo nzima kuliko zote. Tumia konveta ya kushusha volti, iungwe kwenye chanya kuu na hasi kuu, irekebishe itoe 5 V, ndipo uipeleke kwenye pini ya 5V.

Rezista za kugawa volti, zinazoshusha volti ya kila nguzo ili pini za bodi ziweze kuisoma, zina ugonjwa huohuo, ila mdogo. 30k/10k kwenye tawi la juu (nguzo ya seli ya 4), kisha 20k/10k kwa ya 3 na 10k/10k kwa ya 2: seli ya kwanza inatoa 0.66 mA zaidi ya ya nne, karibu nusu Ah kwa mwezi. Inavumilika.

Kisichovumilika ni kutorekebisha. Rezista za 1% zinaweza kukosea volti 0.2 kwenye 13.2, na seli hizi hukaa kati ya 3.2 na 3.3 kwa sehemu kubwa ya chaji. Pima kila tawi kwa multimita, kila moja lipate kizidisho chake (namba ya kuzidishia kipimo) kwenye programu. ADC ya Nano (sehemu inayogeuza volti kuwa namba) yenyewe inaruka hatua za karibu mV 20 kwenye tawi la juu, nunua ADS1115, ADC ya nje yenye hatua ndogo zaidi.

Hasi iungwe kwanza, halafu panda seli moja moja. Hasi iking'oka nyingine zikiwa zimeungwa, pini zinaweza kuungua. BMS usiiondoe. Vua pete na saa, spana izungushie tepu, na usilehemu chochote nyaya zikiwa bado kwenye betri.