Namna ya kuangalia Birth mpaka mwisho bila kuichoka

Wadau, kama mmezoea muvi za madj, zile za kibanda umiza ambazo ngumi haijafika jamaa kashakwambia nani anapigwa, hii Birth ya Jonathan Glazer ya 2004 itawasumbua, maana nusu ya mambo yapo kwenye ukimya. Tafuta orijino yenye maandishi chini, na watoto walale kwanza, ni ya watu wazima na kuna sehemu zinakera kweli.

Vaa hedifoni. Upepo wa Dodoma ukianza kugonga mabati husikii kitu, na muziki wa Alexandre Desplat ndo unaibeba hii muvi.

Karanga umenye mapema kabisa, kwa sababu kioo kikiwa bado cheusi unasikia mwanaume anasema mke wake akifa halafu kesho yake ndege akatua dirishani akamwambia ni mimi, nimerudi, labda angemwamini, ila zaidi ya hapo yeye ni mtu wa sayansi hayo mambo hayaamini. Ukiikosa hiyo umeachwa. Huyo ndo Sean, anakimbia kwenye theluji ya Central Park, New York, unamuona mgongo tu, anaanguka chini ya daraja anakufa, hapohapo unaonyeshwa mtoto anazaliwa. Miaka 10 mbele mjane wake Anna, yaani Nicole Kidman, anataka kuolewa na Joseph, anatokea dogo wa miaka 10 anamwambia mimi ni Sean, usiolewe.

Hapa ndo watu wanaanza kubishana, ni yeye, siyo yeye. Na sisi tunanasa haraka, si unajua mtoto akirithi jina la babu marehemu shangazi anamwita baba na shikamoo anampa kwa utani, ila hakuna anayemuuliza siri za chumbani. We achana na dogo, mwangalie Anna. Wakiwa ukumbini kwenye onyesho la opera, muziki wa Wagner, kamera inaganda usoni kwake kama dakika mbili hivi, hasemi neno, na humohumo unamuona anaanza kuamini. Usipeleke mbele jamani! Wanaopeleka mbele pale ndo haohao wanaokuja kusema muvi haina stori.

Mwingine wa kumfuatilia ni mwanamke anaitwa Clara, mwanzoni kabla ya pati ya uchumba ya Anna na Joseph anatoka nje kwenda kufukia zawadi. Siongezi neno.

Mtu aliyefiwa juzi usimuwekee, subiri hata arobaini ipite, na akiitaka mwenyewe kaa naye tu, akisema zima unazima, usimhoji. Na kama ni mjane ana mchumba mpya basi aangalie peke yake, mchumba aende zake Nyerere Square akapunge upepo mpaka atakapopigiwa simu.