Kuweka daraja la gitaa kongwe la kuba lililokarabatiwa

Gitaa lenye uso wa kuba na matundu ya herufi f, mtindo uliotambulishwa na Gibson L-5 mwaka 1922, halina daraja (kipande cha mbao kinachoinua nyuzi juu ya uso) lililogundishwa. Daraja husimama kwa mkandamizo wa nyuzi tu, nazo nyuzi hunasa kwenye mkia wa chuma uliofungwa ukingoni mwa mwili. Hata ukarabati ukiwa mzuri kiasi gani, daraja likikaa vibaya gitaa halitatoa sauti yake.

Kabla ya kukaza chochote, gonga uso kwa kifundo cha kidole, kila upande. Ukisikia kitu kinatatarika ndani, huenda ubao wa kuimarisha umeachia. Rudisha kwa fundi. Ukikaza nyuzi, kuba linaweza kubonyea.

Anza na kitako cha daraja, sehemu yake ya chini inayokaa juu ya uso. Kikibeba uzito sehemu chache tu, mtetemo hupotea na uso hupata makovu. Funika eneo la daraja kwa tepu ya karatasi, bandika juu yake msasa namba 120 uso juu, kisha sugua kitako kwa hatua fupi, mbele na nyuma, bila kukiinamisha. Malizia kwa 220. Kipande cha karatasi nyembamba kisipenye popote. Kagua tena nyuzi zikishakazwa, kwa sababu miguu ya kitako hutanuka kidogo.

Seti ya nyuzi ya 12–53 (unene wa uzi mwembamba na mnene kabisa, kwa elfu za inchi) inafaa magitaa mengi ya namna hii. Kwa la zamani lisilo na chuma ndani ya shingo, seti inayoanzia 11 ni salama zaidi, ingawa sauti itapungua. Hapo baadaye, badilisha uzi mmoja mmoja. Ukizitoa zote kwa pamoja daraja litahama.

Pima kutoka mfupa wa juu (ule wenye mifereji ya nyuzi, mwanzo wa shingo karibu na kichwa) hadi katikati ya freti ya 12. Kutoka freti hiyo hadi darajani pawe na umbali uleule, ukiongeza milimita 2 hivi upande wa uzi mwembamba na 3 au 4 upande wa mnene. Huo ni mwanzo tu. Tyuna, kifaa cha kupimia sauti ya uzi, ndiyo itakayoamua. Linganisha haramoni ya freti ya 12 (sauti inayotoka ukiugusa uzi kidogo tu bila kuubonyeza) na noti ya kubonyeza papo hapo. Iliyobonyezwa ikiwa juu, sogeza daraja kuelekea mkia; ikiwa chini, lirudishe kuelekea shingo. Legeza nyuzi kidogo kabla ya kusogeza, kisha weka alama ya penseli kwenye tepu, si kwenye vanishi.

Kosa linaloharibu madaraja mengi ni la baadaye: kila unapokaza, nyuzi huvuta kilele cha daraja kuelekea kichwani. Likiachwa limeinama hivyo, hupinda na mwisho kupasuka. Litazame ubavuni na ulisimamishe wima kwa mikono miwili.

Unyoofu wa shingo unatangulia kimo cha nyuzi juu ya freti. Bonyeza uzi wa 6, ule mnene kabisa, kwenye freti ya 1 na ya 14. Pengo kati ya uzi na freti ya 7 liwe milimita 0.2 hivi. Kama kuna chuma cha kurekebisha ndani ya shingo, zungusha nati yake thumuni ya mzunguko kwa wakati mmoja, kulia kunyoosha. Ikigoma, acha. Ndipo upime kwenye freti ya 12: milimita 2.4 kwa uzi wa 6, 1.8 kwa wa 1. Usishushe sana, kwani gitaa hili hupendeza kwa mkono mzito na nyuzi zilizo chini sana hugongagonga freti. Legeza nyuzi kabla ya kuzungusha magurudumu ya daraja yanayolipandisha na kulishusha, la sivyo utakula hesi (mifereji ya skrubu) zake.

Vanishi ya sheleki huyeyuka kwa spiriti, basi futa kwa kitambaa kikavu tu. Kinga ya seluloidi (plastiki ya kizamani inayolinda uso usikwaruzwe) inayotoa harufu kali, kutokwa unyevu au kutia kutu vyuma vya jirani, iondoe na uihifadhi mbali na gitaa. Mvuke wake hauishi.